Kaseti ya papa haiko mu bwati yake

Joviale,

Maharagi iko ku moto, ongeza chumvi. Funga mulango, usifungulie mutu.

Leo asubui wanajeshi watatu waliingia. Wamebeba televizyo, magnetoskopi ya kuchezesha kaseti, na kaseti zote za ndoa zenye papa yako alikuwa anapiga na kamera yake. Mukubwa wao iko na feti leo saa sita, anataka kaseti za kurekodia feti yake juu ya zile picha zetu. Nikamwambia mumoja wao, "Afande, bwana yangu alipotea Shabunda tangu mwaka jana. Uniachie moja tu, ile yenye sauti yake."

Akasema, "Chagua mbio, maman."

Nikachagua bwati ya kaseti yenye niliandika "Papa, Noeli 97". Walipotoka nikafungua. Ndani kuko kaseti ya mupira; ile ya papa ilikuwa mu bwati ingine, wameibeba.

Joviale, mara ngapi nilikuambia kila kaseti irudi mu bwati yake? ~~Sitakusamehe.~~ Hapana. Najua ulikuwa unaiangalia peke yako nikienda ku soko. Hata mimi nilikuwa naiangalia ukiwa ku masomo.

Naenda ku kambi yao na hii ya mupira, niombe tubadilishane mbele ya saa sita. Sina tumaini. Giza ikiingia kama sijarudi, uende kulala kwa tonton Adalbert.

Kama unakumbuka maneno papa alisema mule ndani, andika yote nyuma ya hii karatasi, hata ya kuchekesha. Sura yake naiona bado. Sauti ndiyo imeanza kunipotea.

Maman yako