Kioo cha muhogo

Kolwezi, Jumatatu, mvua ya kwanza

Mi ndiye niliharibu ile picha, hapana mvua.

Ile karatasi ya kuangaza niliipika mwenyewe ku labo, maabara ya kazini: wanga wa muhogo, siki, na gliserini ya kuilainisha. Nikafunika nayo picha ya mama mukwe, ile moja tu muke wangu aliyobaki nayo. Nilijivuna: "Ona, ni kama kioo!"

Leo nyumba ilivuja. Kioo changu kilirudi bukari, ule ugali wetu wa muhogo, kikanata ku uso wa marehemu. Muke wangu alipokibandua, uso ulitoka nacho.

"Tata, mume wangu, usijisumbue," aliniambia. "Ulitaka kumuchunga. Haukuweza kujua."

Nilijua. Ku labo niliona tone moja la maji likiilegeza ile karatasi. Lakini nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nilimujibu muke wangu tu: "Ni kweli, mama."