Jumapili ya Ratili

Bonde la Caney,
Kentucky.
11 Novemba, 2018.

Mpendwa mdogo wangu Delmer,

Salamu zikufikie huko Kodiak, wewe na wifi yangu Joyce. Mgongo wako umepoa, au bado unainama kama babu kila ukitoka kazini kwenye samaki? Mama anauliza kila asubuhi kama huko Alaska mna kuni za kutosha. Namwambia siku hizi mnapasha nyumba moto kwa mafuta, anaguna, halafu kesho yake anauliza tena.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Shemeji yako Virgil bado anakohoa vumbi la makaa ya mgodini, asubuhi anasikika hadi kwa jirani, lakini hajalazwa tena tangu kiangazi. Mbwa wako Tuffy yu hai na haoni vizuri. Juzi alimbwekea mchungaji kwa heshima zote kisha akaenda kukojolea gurudumu la gari lake.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Joyce ameniandikia kwamba mmeanza mafunzo ya walezi wa kambo, na kwamba mna hamu mpaka chumba cha watoto mmeshakipaka rangi. Nilipoisoma barua hiyo nilikaa chini. Miezi michache iliyopita ningeruka kwa furaha, maana mimi ndiye niliyewatia hamu hiyo. Nisome mpaka mwisho, Delmer, na umsomee Joyce pia.

Sisi tulisoma kila Jumanne jioni, tangu theluji ilipoanza kuyeyuka hadi miti ikatoa maua, katika ukumbi wa chini wa maktaba. Mwalimu wetu alikuwa Bwana Prewitt, kijana mpole, hakosi kutuletea donati. Simsemi vibaya. Alifundisha alichopewa kufundisha. Alituonyesha mtungi wa kuzimia moto unaning'inizwa wapi. Dawa zifungiwe, bunduki za Virgil zifungiwe, risasi zifungiwe kwingine. Maji ya bombani yasiwe ya moto kupita kiasi, kitanda kisisogee dirishani. Yote hayo ni ya maana, na yote tuliyafanya.

Siku moja tukaigiza. Virgil akapewa kuwa mtoto, akabandikwa karatasi kifuani yenye jina, nami nikawa mlezi. Virgil mwenyewe unamjua. Alikunja mikono, akavuta mdomo na kunguruma, "Sili maharage yako, bibi wewe!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Prewitt alisema nimefaulu kwa sababu nilichuchumaa nikamtazama machoni. Niliringa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nyuma kabisa alikaa Bi Arvella, aliyekwisha kulea wajukuu wake. Huyo aliuliza, "Na yule asiyelia je? Mimi nimeshaona watoto ambao hawalii kabisa."

"Swali zuri sana, Bi Arvella," Bwana Prewitt akasema. "Hilo liko kwenye awamu ya pili, mkishapata leseni."

"Na hiyo awamu ya pili ni lini, mwanangu?"

"Mwaka huu haipo. Hakuna bajeti." Akamsogezea donati.

Kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda mno hata nikaibandika kwenye friji: mtoto aone kwamba anakaribishwa, mshirikisheni mapema na jamii yenu. Iweke akilini sentensi hiyo.

Watoto walifika mwezi uliopita, siku ya Alhamisi. Jaylynn ana miaka minane, na mdogo wake Colt hajatimiza mwaka. Vitu vyao vilikuwa ndani ya mfuko mweusi wa taka. Jaylynn alishuka garini amembeba mdogo wake kiunoni kama mama mtu mzima, akakataa kabisa kupokewa. Jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Nyumba hii ina milango mingapi?"

Nikamwambia miwili.

"Wa nyuma unafungwa na ufunguo?"

"Hapana mpenzi, ni komeo tu la ndani."

Akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyekuja kukagua, akaingia. Nilidhani ni udadisi wa kitoto. Usiku nikamkuta amelala sakafuni mbele ya kitanda cha Colt, na viatu miguuni.

Asubuhi alipanda kiti akamtengenezea mdogo wake chupa, akadondosha tone mkononi kupima joto, bila kukosea. Nikaichukua chupa kwa upole nikamwambia hiyo sasa ni kazi yangu, yeye akacheze. Ndivyo tulivyofundishwa, mtoto aachwe awe mtoto. Hakucheza. Alisimama mlangoni akaitazama mikono yangu mpaka Colt alipomaliza kunywa. Na jambo jingine, Delmer. Colt hakupata kulia ndani ya nyumba yangu. Akikunja uso tu, dada yake ameshafika, ameshamweka begani, anamtuliza. Nikamsifu mbele za watu kanisani, nikasema sijapata kuona mtoto anayejua kubembeleza namna hii.

Desturi yetu ya ratili, ya kuwashtukiza wageni wapya kwa chakula, huwezi kuwa umeisahau. Mlipooana wewe na Joyce, kanisa zima lilipanda bondeni bila hodi ya maana, huyu na ratili ya sukari, yule na ratili ya kahawa, mkala maharage mpaka mkayachukia. Basi Dada Naoma alinishika mkono baada ya ibada. "Oleta, wana wako wapya hawajaletewa ratili! Tunakuja Jumapili ijayo. Ole wako umwambie mtoto, tunataka tuone macho yake."

Nilimkumbatia. Niliona ile sentensi ya kwenye friji inatimia.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha na ukungu ukashuka, kwa hiyo pikapu zote zilipanda bondeni zimewasha taa, moja nyuma ya nyingine. Zikajipanga mbele ya nyumba. Mabuti yakapanda ngazi za baraza kwa kishindo, watu wakagonga mlango kwa ngumi huku wakicheka. Mbele yao alikuwa Tolliver, ambaye ni askari polisi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado yumo ndani ya sare, na mkononi ana ratili ya kahawa na mwanasesere. Nilifungua mlango kwa kicheko, nikageuka kumwita Jaylynn.

Hakuwepo. Chupa ya Colt ilikuwa inabiringika sakafuni na mlango wa nyuma ulikuwa wazi, mvua inaingia.

Tukafanya ambalo watu wema wowote wangefanya. Tukatawanyika kumtafuta. Wanaume walishuka hadi kijitoni na tochi, wanawake wakazunguka ghala, kila mtu anaita kwa sauti yake yote. "Jaylynn! Toka mpenzi! Tumekuletea keki!" Sauti ya Tolliver unaijua, ikitoka bondeni inasikika ng'ambo ya mlima. Mungu atusamehe, tulikuwa tunamwita atoke, na kila tulipoita alizidi kujificha.

Virgil ndiye aliyewaona. Pumzi ilimwishia akakaa kwenye ngazi za nyuma, akainama kukohoa, akaona ncha ya kiatu chini ya nyumba, pale ilipoinuliwa juu ya mawe. Akanipungia mkono. "Njoo peke yako. Na hao wengine waambie wafunge midomo."

Niliingia uvunguni kwa kutambaa. Alikuwa amejibana kwenye mawe ya msingi wa bomba la moshi, amejaa tope, amemkumbatia Colt kifuani. Kiganja chake kilikuwa kimemfunika mtoto mdomo na pua.

"Wameshaondoka?" akaninong'oneza.

Nilimwambia ndiyo, mpenzi, wameondoka wote. Hapo ndipo alipokiondoa kiganja. Delmer, midomo ya mtoto yule ilikuwa imebadilika rangi, na kichwa kililegea. Nilimvuta nje nikipiga kelele, na aliyekuwa karibu ni Tolliver. Alipiga magoti kwenye tope na sare yake, akampulizia mtoto pumzi mpaka Colt akakohoa na kulia. Jaylynn alipomwona mtu wa sare ameinamia uso wa mdogo wake, alipiga ukelele ambao mpaka leo ninausikia nikiosha vyombo. Siku zote alizokaa kwangu hakuwahi kulia. Alilia siku hiyo, na hakuna mkono wowote kati yetu aliokubali umshike.

Gari la wagonjwa liliwachukua. Colt alipona, tumshukuru Mungu.

Kendra, binti wa ofisi ya ustawi wa jamii aliyetuletea watoto, alitukuta hospitali. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Nikamuuliza kwa nini mtoto akimbie keki. Akatazama korido kushoto na kulia, kisha akaniambia. Siku walipochukuliwa kwa mama yao, magari yalifika kwa mstari namna ileile, taa zimewaka, askari wakagonga mlango kwa ngumi. Jaylynn alimficha Colt chini ya kitanda. Walikaa humo kimya, askari wakaingia, wakatafuta, wakawa wanatoka. Ndipo Colt akalia.

"Ulilijua hili?" nikamuuliza.

"Nilijua, Bi Oleta. Sikuruhusiwa kukwambia. Ni siri ya mtoto."

Virgil ndiye aliyemjibu, na maneno yake siwezi kuyaandika kwenye barua ambayo Mama anaweza kuiona.

Lililofuata ndilo linalonitoa usingizini. Ofisi iliamua kwamba Jaylynn ni hatari kwa mdogo wake. Kiganja kile, Delmer. Waliandika kwamba alimziba mtoto pumzi, na ni kweli alimziba, lakini hakuna mahali walipoandika kwa nini. Nilibisha mpaka sauti ikanikauka. Niliwaambia huyu mtoto alikuwa anamwokoa ndugu yake kutoka kwetu, sisi ndio tuliomtisha, mtuandike sisi. Mwanamke wa ofisini alinijibu kwa adabu kwamba haiwezekani, kwa sababu sisi hatukuvunja sharti lolote.

Na kweli hatukuvunja. Walituma mkaguzi. Akaangalia mtungi wa kuzimia moto, akavuta makufuli ya kabati la dawa, akafungua bomba akapima maji. Leseni yetu haikuguswa. Alituaga akisema angetamani nyumba zote ziwe kama yetu. Alipoondoka, Virgil aling'oa cheti ukutani akakitupa jikoni kwenye moto, nami sikumzuia.

Colt amepelekwa kwa familia moja huko Lexington. Jaylynn yuko kwenye nyumba ya watoto wakubwa upande wa pili wa jimbo, mwendo wa siku nzima. Hawaruhusiwi kulala chini ya paa moja. Wanasema huenda wataruhusiwa kuonana baadaye, msimamizi akiwepo. Nimeomba nimtembelee, sijajibiwa.

Vile vyakula vya ratili bado viko juu ya meza sebuleni. Maharage, unga wa mahindi, siagi ya tufaha, kahawa ya Tolliver. Hakuna anayevila na hakuna anayethubutu kuvitoa. Dada Naoma huja akakaa mbele ya meza hiyo akalia, na mimi sina nguvu ya kumbembeleza. Tolliver ameacha kuja kanisani.

Bwana Prewitt alinipigia simu. Amenikaribisha nizungumze na darasa jipya, dakika chache tu, baada ya somo la moto. Nitakwenda, hata kama dakika hizo zitaisha nikiwa bado ninavua koti.

Sikukatazi, mdogo wangu. Watoto wapo na lazima mtu awapokee, na wewe na Joyce mna mioyo. Lakini moyo tulikuwa nao sisi pia, na kanisa zima lilikuwa nao. Kwa hiyo mbane mwalimu wenu. Muulize kuhusu yule asiyelia, na akikwambia awamu ya pili, kaa hapohapo kwenye kiti mpaka akujibu. Na siku watakapokupigia simu kwamba kuna mtoto njiani, usianze na umri wake wala chakula anachopenda. Uliza walichukuliwaje. Mlango wao uligongwa vipi, na nani alikuwa nje. Wakisema ni siri, waambie basi hata hodi ya nyumba yako hujui ipigwe vipi. Na kama huko Kodiak watu wana desturi ya kuja na mabakuli ya chakula, wazuieni. Wakasirike.

Mama anawasalimu na anakukumbusha kuhusu kuni. Virgil anakusalimu, anasema ukija kiangazi mtavua samaki wa kijitoni, wadogo lakini hawanuki kama wa kwako. Nisalimie wazazi wa Joyce, na yule rafiki yako Mrusi wa kiwandani aliyetuletea kitambaa. Mungu aifunike nyumba yenu, na mtoto atakayeingia humo asiwe na sababu ya kuhesabu milango.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo moja sijamwambia hata Virgil. Siku watu wa ofisi walipokuja hospitali kuwachukua, magari yalikuwa mawili. La Colt lilitangulia kuwa tayari. Jaylynn hakupigana kama nilivyoogopa. Alimbusu mdogo wake kichwani, akamkabidhi kwa Kendra, kisha akanijia mimi akanivuta nguo niiname. Nilidhani ananiaga.

"Mwambie huyo mama atakayekaa naye," akasema, "Colt akilia, amwache tu alie. Tumeshapatikana."

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Oleta