Mlango wa Upande wa Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI: MOTO KATIKA KIBANDA CHA VIAZI, JENGO LA MADUKA

Shahidi: mwanamke, miaka 27 (jina limehifadhiwa jaladani). Kazi: mbunifu wa vibanda vya chakula. Makazi: chumba cha uani, kwa baba yake mdogo.

Marehemu alikuwa mama yangu mdogo. Mumewe, fundi seremala mnayemshikilia hapa tangu jana, ndiye baba mdogo aliyenilea.

Kazi yangu huanza na maboksi. Kabla kibanda hakijajengwa, hupanga maboksi matupu sakafuni kwa vipimo kamili, kisha mpishi huingia na kupika hewa, nami hutazama mikono yake inakokwenda. Mnamo tarehe 4 mwezi uliopita, sebuleni kwetu, mama mdogo alikaanga viazi visivyokuwepo mchana kutwa. Baba mdogo akajifanya mteja.

"Mama, viazi vyako havina chumvi."

"Wewe ndiye huna ulimi, baba. Haya, anayefuata."

Mama mdogo alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kila alipotaka kutoka, aligeukia kushoto. Mlango nikauweka hapo. Alirudia mpaka akawa anatoka bila kuangalia.

Tarehe 18 meneja wa jengo alituhamishia upande wa pili wa ngazi za umeme. Huko mlango wetu ungefungukia njia ya wateja, jambo wasiloliruhusu. Akaniambia, "Geuza tu mchoro, kama kwenye kioo. Kibanda ni kilekile." Nikaugeuza. Mlango ukaenda kulia, friji ikaja kushoto. Nilisema lazima turudie maboksi. Meneja akajibu kwamba ufunguzi hausubiri mtu, na mama mdogo mwenyewe akanishika shavu. "Mwanangu, nimehama nyumba ngapi mimi? Nitazoea."

Baba mdogo alijenga nilichochora. Hakupunguza ubao wala hakuongeza.

Jumamosi iliyopita, majira ya saa saba mchana, nilikuwa meza ya jirani nikila viazi vya mama mdogo. Mafuta yalishika moto, moshi ukajaa kibandani. Nilimwona akigeuka kushoto. Alisukuma friji kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Baba mdogo, aliyekuwa nje mbele ya kibanda, aliita, "Huku, mama! Njoo huku!" Kisha akavunja kioo cha mbele kwa ngumi. Majeraha ya mikononi mwake, ambayo naambiwa mnayatilia shaka, yalitoka hapo.

Mama mdogo alifariki hospitalini kabla jua halijazama.

Nasikia baba mdogo amekiri kwamba alikosea alipoujenga mlango. Hakuukosea. Anasema hivyo kwa kuwa mchoro ni wangu, nami ndiye mtoto aliyebaki naye. Msiyapokee maneno hayo. Nyumbani maboksi bado yako sebuleni. Hakuna aliyethubutu kuyaondoa.

Hivi ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Nimeandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi. Aliomba rekebisho moja. Nilikuwa nimeandika kwamba marehemu "alichanganyikiwa akakosa mlango." Shahidi alisema marehemu hakuchanganyikiwa, alikwenda mlangoni pale alipowekewa kwenye maboksi. Nimefuta.