Mafuta Yanataka Adabu

Jumamosi, 1 Juni

Leo mke wangu ametoa uamuzi kuhusu pikapu. Ameutoa jikoni, akiosha vyombo, bila kugeuka. Mwezi huu ukiisha na chuma kile bado kimelala uani, mnunuzi wa vyuma chakavu akipita apewe. Amechoka kukitazama kila anaposuuza sahani.

Nikamwomba mwezi mzima, usipungue hata siku moja.

"Si ndio nimeshakwambia mwezi? Wewe hata ukipewa kitu lazima ukiombe upya."

Iwekwe wazi hapa, kwa kumbukumbu zangu mwenyewe, kwamba pikapu ni mali yake. Umri wa pikapu hiyo unakaribia wangu. Gia yake iko kwenye shingo ya usukani, kama zilivyokuwa gari za zamani. Kwa miaka mingi ilisambaza milango na madirisha ya maseremala wa mji huu, na dereva alikuwa yeye. Mimi sijui kuendesha. Kazi yangu ni kuwaandikia watu maombi na malalamiko, kwenye meza yangu nje ya ofisi kuu. Asubuhi alikuwa akinishusha mezani, jioni akinichukua. Nilikuwa nikikaa kushoto.

Kisha kiharusi. Mguu wake wa kushoto haujarejewa na nguvu hadi leo, na mguu wa kushoto ndio wa klachi.

Anadhani ninaitengeneza ili ipate mnunuzi wa maana. Sijamsahihisha. Nia yangu ni aiendeshe.

Jumatatu, 3 Juni

Fundi amekuja. Mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa sababu gari likiingia mikononi mwake changa hutoka limezeeka. Hata hivyo ndiye aliyeihudumia pikapu tangu enzi za kazi, na hakuna anayeijua zaidi yake, ukimwondoa mwenye gari.

Amefungua boneti — panya wametoka. Ukoo mzima. Kiti kile kirefu, cha dereva na abiria pamoja, wamekitafuna mpaka springi. Tumekitoa na kukitupa.

Nikamweleza mpango kwa mtiririko unaofaa. Kwanza injini. Pili breki. Tatu kutu. Nne, na hapa nikateremsha sauti, klachi ihamishwe mguuni, ije mkononi.

Akatazama dirisha la jikoni. "Mama anajua?"

Nikasema suala hilo litawasilishwa kwake wakati mwafaka.

"Kwa hiyo hajui."

"Hajaarifiwa."

"Mheshimiwa, hiyo ni hajui iliyovaa tai."

Jumapili, 9 Juni

Msasa, tangu asubuhi. Mlango wa kulia peke yake umenimaliza. Kutu ni kama uvumi: unaikomesha hapa, inachomoza pale.

Mke wangu akachungulia dirishani. "Baba, mikono hiyo ndiyo itakayoshika kalamu kesho?"

Nikajibu kwamba kalamu haina kinyongo.

Akavuta pazia. Hakulivuta lote.

Jumatano, 12 Juni

Imewaka. Ikazima. Ikawaka tena.

Moshi umeingia jikoni. Mke wangu hakulalamika — naye hulalamikia hata moshi wa mshumaa.

Jumamosi, 15 Juni

Klachi ya mkononi imefungwa leo. Fundi amechomelea bomba kwenye pedali, akalipinda chini ya usukani hadi likatokea kulia, upande wa mlango. Upande huo niliuchagua mimi. Hoja yangu ilikuwa kwamba mkono wa kushoto tayari una kazi ya gia, hivyo haki inataka mkono wa kulia nao upewe jukumu. Fundi hakuwa na pingamizi. Sasa ninaona angepaswa kuwa nalo.

Akaketi juu ya stuli ya jikoni, maana kiti hakuna, akawasha. Mkono wa kulia ukavuta bomba. Wa kushoto ukaingiza gia. Pikapu ikaenda mbele vizuri kabisa, ila si tulikokusudia. Imelipiga pipa la maji.

Maji yakatiririka uani.

Dirisha likafunguka. "Na usukani nitashika kwa meno?"

Dirisha likafungwa.

Fundi akafuta jasho polepole, kama afanyavyo kila jambo. "Haya," akasema. "Sasa ameshaarifiwa."

Jumatatu, 17 Juni

Siku mbili sasa ninatafuta namna ya kumwambia aje aketi ndani, atuelekeze. Mdomo umekataa. Jana kwenye chakula nilianza mara mbili. Mara zote mbili nikaishia kuomba chumvi. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha. Mwishowe kikazidi.

Nimewaandikia watu maombi ya viwanja, ya uhamisho, ya kurudishiwa baiskeli iliyoshikwa kwa makosa. Halijarudi hata moja kwa kasoro ya lugha. Nikaona nitumie njia ninayoijua.

"Kwako Mke Mpendwa. Yah: Ombi la Kuketi Katika Nafasi ya Dereva kwa Ajili ya Ushauri wa Kitaalamu. Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Aya tatu. Ya kwanza inaeleza hali ya gari. Ya pili inakiri tukio la pipa. Ya tatu inasema kwamba mwombaji atashukuru kwa lolote litakaloamuliwa. Nimeikunja mara tatu, nikaiweka chini ya kopo la sukari.

Jumatano, 19 Juni

Barua haipo tena chini ya kopo. Chai ilikuwa na sukari. Jibu hakuna.

Jioni tulikuwa uani, mimi na fundi, hatua moja kati yetu. Mke wangu akaja hadi mlangoni na fimbo yake. Hakunitazama. Akamwambia fundi:

"Taratibu, mwambie mwombaji ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa."

Fundi akanigeukia. "Mheshimiwa, ombi lako—"

Nikamwambia nimesikia.

Wateja wangu hurudi mezani na jibu hilo hilo, nami huwaambia wawe na subira, kwamba ni lugha ya kawaida ya ofisi. Wananyamaza, wanakwenda. Sikujua wanakwenda na nini kifuani.

Alhamisi, 20 Juni

Ametoka.

Hakutangaza. Nilikuwa ninasugua bawa la nyuma, juu ya gurudumu, nikasikia fimbo kwenye sementi. Akaizunguka pikapu nzima bila kuigusa. Akafungua mlango, akaketi juu ya stuli. Mguu wa kushoto akauinua kwa mikono miwili, akauweka mahali pake, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akalitazama bomba letu kwa muda mrefu.

"Nani aliwaambia klachi iende mkononi?"

Nikasema wazo lilikuwa langu.

"Wewe uliyekaa kushoto miaka yote ukinisomea gazeti?"

"Mimi huyo."

"Basi sikilizeni. Klachi inataka nguvu. Mafuta yanataka adabu. Nguvu ninayo kwenye mguu huu mmoja. Adabu ninayo kidoleni. Nyinyi mmegeuza."

Kisha akaamuru. Bomba litolewe. Pedali ya mafuta ing'olewe, na pale ilipokuwa ihamishiwe klachi, ikanyagwe na mguu wa kulia. Mafuta yaje mkononi: utafutwe mkono wa breki ya baiskeli, ufungwe chini ya duara la usukani upande wa kulia, waya wake uende hadi kwenye kabureta. Vidole viwili vivute, vingine vibaki kwenye usukani. Kushoto ni gia tu, kama zamani.

Fundi akauliza breki itakanyagwa na nani.

"Mguu huo huo. Ninatoa gia kwanza, ndipo ninafunga breki. Taratibu, kwa mwendo wako huo wote hujajua kusimama?"

Fundi akacheka mpaka akashika boneti. Nikaomba ruhusa ya kunukuu maelekezo.

"Andika. Ila andika kama watu."

Nimeandika.

Jumapili, 23 Juni

Mkono wa baiskeli umefungwa. Waya umepita. Ukivuta, injini inainua sauti, ukiachia, inanyamaza. Nimevuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Rangi nimepiga mwenyewe, kaki. Niliichagua kwa utulivu wake. Mke wangu ametoka kuitazama, akasimama, akainamisha kichwa upande.

"Umeipaka bahasha."

Nikamweleza kwamba ni rangi ya heshima.

"Sijakataa. Bado stempu."

Leo ametoka mara tatu. Mara mbili hakuwa na sababu. Ya tatu alisema amekuja kuanua nguo. Kamba haikuwa na nguo.

Jumanne, 25 Juni

Fundi viti, anayeshona nyumbani kwake nyuma ya soko, ameleta kiti. Ni cha mtu mmoja, kimeinuliwa kidogo ili asihangaike kupanda. Mbele yake, kushoto, tumeweka kibao cha kuegesha mguu. Nimekaa. Kinafaa.

Kushoto kwa kiti hicho ni bati tupu la sakafu.

Fundi viti aliuliza abiria atakaa wapi. Nikamjibu kwamba gari linatengenezwa kwa ajili ya dereva. Abiria hakutajwa katika mazungumzo yoyote yaliyofanyika.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alilitazama lile bati. Akanitazama. Akaingia ndani.

Alhamisi, 27 Juni

Amejaribu. Haikuwa siku njema.

Mara ya kwanza imezima. Ya pili imezima. Ya tatu imeruka kama mbuzi, ikazima. Mguu wa kulia umekanyaga mafuta kwa miaka yote hiyo; unapoachia klachi unaiachia ghafla, kwa mazoea. Mara ya nne amekwenda hadi kwenye pipa. Hakuligonga kwa nguvu. Lakini amelifikia.

Mimi na fundi tulikuwa tumesimama kando, mikono nyuma.

"Mnanitazama kama watu waliokuja kuaga mwili."

Akateremka. Akafunga kanga upya, akaingia ndani. Hakutoka tena. Chakula cha jioni nimepika mimi. Amekula bila kukikosoa, jambo ambalo limenitia wasiwasi kuliko yote.

Ijumaa, 28 Juni

Mnunuzi wa vyuma chakavu amepita na mkokoteni wake, akipiga kengele. Akasimama getini, akachungulia, akasifu rangi. Akasema rangi haiongezi uzito.

Nilikuwa chini ya gari. Nikabaki chini ya gari.

Nikamsikia mke wangu akimjibu, bila haraka: "Pita Jumatatu."

Jumatatu ni tarehe moja. Sikumuuliza amekusudia nini. Nimewahi kuandika barua za kukata rufaa, lakini hii sijui ningempelekea nani.

Jumapili, 30 Juni

Asubuhi nimeamka, upande wake wa kitanda ukiwa mtupu. Injini ilikuwa ikinguruma uani.

Nilipotoka alikuwa ndani, peke yake, mlango umefungwa. Hakuwa akienda popote. Anaachia klachi kidogo kidogo mpaka gari linataka kusogea, anaikanyaga tena. Anaachia, anakanyaga. Viatu alivyovaa ni vile vya kazi, vya soli nyembamba. Nilidhani tulishavigawa.

Nikarudi ndani. Alikwisha kusema hataki kutazamwa.

Fundi alipofika akaitwa. "Taratibu, panda. Chukua stuli ukalie hapo kwenye bati. Na ushike kitu."

Nikasogea mlango wa kushoto. Nilikuwa nimeandaa sentensi, nzuri tu, yenye "endapo itakupendeza".

"Wewe fungua geti," akasema.

Nikafungua geti.

"Na tazama kwingine."

Nikatazama ukuta wa jirani. Ukuta wa jirani una ufa mmoja mrefu na vingine vidogo. Nyuma yangu pikapu imezima. Imewashwa. Imezima. Nikasikia akimwambia fundi aache kushusha pumzi kama anayesukuma. Imewashwa. Kisha upepo wa moto umenipita mguuni, na nilipogeuka bahasha ilikuwa barabarani, ikienda. Gia ya kwanza. Ya pili, bila mkwaruzo. Kwenye kona alitoa gia, akafunga breki, akachungulia kulia na kushoto kama mtahiniwa, akakata. Kwenye gia ya tatu sauti ikapotea.

Nimesubiri. Stuli wameondoka nayo, kwa hiyo ninaandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya nguzo ya geti.

Fundi amerudi. Kwa miguu, stuli kwapani. Nikamuuliza gari liko wapi, na dereva yuko katika hali gani.

"Kanishusha."

"Kwa kosa gani?"

"Anasema ninakanyaga breki kwa mguu wangu, wakati breki iko kwake." Akaweka stuli chini, akaikalia mwenyewe. "Yuko nyuma ya soko. Kwa fundi viti. Nimemwacha hapo."

Nikauliza kiti kina kasoro gani.

"Hakina."

"Sasa amefuata nini?"

Fundi akavua kofia, akaikung'uta gotini, akaivaa. "Fundi viti kamuuliza abiria ana mwili gani. Mama kasema si mkubwa, ila anakaa wima kama anasubiri kuitwa ndani, kwa hiyo sehemu ya mgongo aishone imara."

Nikajikuta nimesimama wima.

"Tena kasema usifunge geti," fundi akaongeza. "Na ukanawe mikono. Ina kaki."

Nimekwenda kunawa. Rangi haijatoka yote. Nimerudi. Geti liko wazi. Ninamwambia fundi kwamba honi ile inayosikika upande wa soko inaweza kuwa ya mtu yeyote. Fundi anasema ndiyo, Mheshimiwa, ya mtu yeyote, na ananyanyua stuli kuitoa njiani.