Mama, Vimetameta Vyako na Kunguru Wako

Mama yangu wa Mafubira,

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa macho hapa Mbale. Akanikalisha mbele ya kile kimashine cha kuegemeza kidevu, akachungulia jicho la kulia, akachungulia la kushoto, kisha akaniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyepoteza macho?" Nikakutaja wewe. Amesema macho yangu yameshika njia ya macho yako. Dawa ya matone itachelewesha safari, lakini hairudishi mtu alikotoka. Naogopa, Mama. Na kwa kuwa simjui mwingine aliyeipita njia hiyo huku anacheka, nakuandikia wewe.

Nianze na ile unipoti yetu. Atakayesoma barua hii na hajaishi kambini ajue kwamba unipoti ni kijumba cha bati cha duara wanachopewa askari. Hakina kona, na ukuta wake haupigiki msumari. Wake wengine wa askari magereza pale Jinja walikubali yaishe. Wewe ulipanda juu ya meza, ukafunga kamba kule juu kabisa paa linapokutana, na kutoka hapo ukateremsha kila kinachong'aa: riboni za Krismasi, shanga, vipande vya kioo, makaratasi ya dhahabu ya chokoleti uliyoyanyoosha kwa ukucha. Mlango ukifunguliwa nyumba nzima inacheza kwa mwanga. Majirani walikuwa wanapita makusudi kuchungulia, na ukiwauliza wanataka nini, wanakujibu macho hayana pazia.

Juu ya paa, kunguru. Bati la duara halina pa kushika, basi wakitua wanateleza, kucha zinakwaruza kwaaa mpaka chini. Baba alitaka kuwapiga mawe. Wewe ukatoka na karanga kiganjani.

"Waache. Wanapenda vinavyong'aa, kama mimi."

"Kumbe nimeoa kunguru," Baba akasema.

"Na kunguru hafugiki, afande. Kaa na mimi vizuri."

Tulicheka mpaka Baba mwenyewe akashindwa kununa.

Unakumbuka siku ya ukaguzi? Mkubwa mpya, mrefu kama mlingoti, ameinama kuingia kwetu, na kofia yake ikanaswa kwenye riboni. Baba amesimama kiaskari, jasho linamtiririka. Yule mkubwa akazungusha macho. "Mama, hii ni nyumba ama ni kanisa?" Jamani, mimi nilijua tumekwisha, tunafukuzwa kambini. Wewe hukutetemeka hata kidogo.

"Afande, bwana wangu anatazama ukuta wa jela kutwa nzima. Akirudi nyumbani, nimpe ukuta mwingine?"

Akatazama juu. Halafu akasema, "Wacha hii vitu ikae. Lakini kwanza toa kofia yangu huko." Siku ile ndipo nilipojua kwamba wewe si mtu wa kawaida.

Baba alipofariki tukamzika kwao Busiu, nawe ukakataa kuja kukaa na mimi Nkoma, hapa Mbale. Ukachukua kile kijumba cha Mafubira, huko huko Jinja, na mapambo yakakufuata. Kila nikija kutoka Mbale nakuta yamezidi. Sidii za muziki zilizokwaruzika umezifunga ukingoni mwa ngazi ya nyuma. Shanga za fedha kwenye meza ya jiko, riboni kwenye bomba la maji, kioo cha pikipiki kwenye mlango wa choo! Nikajisemea, basi, uzee umeingia.

Halafu siku moja nikaja bila kupiga simu. Nimesimama uani, sijafungua mdomo, nawe umenipa mgongo unaosha vikombe. Yule kunguru wako mwenye kola nyeupe, uliyembatiza Padri, akalia juu ya bati. Ukasema bila kugeuka, "Karibu mwanangu. Leo hata simu hukupiga?"

"Umejuaje ni mimi?"

"Padri amesema. Mtu wa kigeni anampigia kelele za kumfukuza. Wewe anakulalamikia tu, kama umechelewa na karanga zake."

Nikacheka, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Ukashika birika la chai ukaja, miguu myepesi, ukapita bomba, ukapita jiko, mara ukasimama ghafla mbele yangu na birika mkononi.

"Nani amezima ngazi yangu?"

Gauni langu lilikuwa limefunika zile sidii. Haki ya Mungu, mwili wote ulinisisimka. Nikalivuta gauni, jua likapiga, nawe ukapanda kama vile hakuna lililotokea. Ukamimina chai ukisikiliza kikombe kikijaa, na tone halikumwagika.

"Uso wako sijauona tangu mwaka juzi," ukaniambia. "Naona moshi. Lakini kinachometa bado nakiona, basi nimekiweka kila mahali ninapotaka kufika."

"Na siku nacho kikikataa?"

"Padri si yupo?"

Na kilikataa, Mama, ule mwaka wako wa mwisho. Bado ulinituma nipanguse vumbi kwenye vioo, kila Jumamosi, na ole wangu nikiruka kimoja. Ulikaa barazani asubuhi na karanga zako, kunguru wanalia, nawe unanitajia: huyu ni muuza maziwa, yule ni mtoto wa jirani, huyo sasa simjui, katazame. Nilikuwa natoka kutazama, na kweli namkuta mtu getini. Mpaka leo nikilifikiria nabaki mdomo wazi. Ulijengaje dunia nzima kwa riboni na ndege ambao watu wanawatupia mawe? Nani alikufundisha?

Nyumba yangu ya Nkoma unaijua. Kuta nyeupe, hakuna kitu, nilivyopenda siku zote. Kunguru wapo, wanatua ukutani kwa jirani. Wiki hii nimeanza kuwawekea karanga. Bado wananitazama kwa upande wakinipima, lakini karanga wanakula.

Jana nikapanda boda nikashuka sokoni, nikarudi na mfuko umejaa. Mume wangu, Wafula, amerudi kutoka kazini akanikuta juu ya kiti, riboni mdomoni.

"Mama watoto, kuna mgeni anakuja?"

"Giza," nikamwambia. "Linakuja polepole, siku yake siijui. Ila likifika litanikuta nimepamba."

Alivua viatu, akanishika mkono nikashuka, akapanda yeye. Akafungua mfuko, akatoa uzi wa shanga za fedha.

"Hizi tunaanza kufunga wapi? Mlangoni?"

"Anza na kiti chako," nikamwambia. "Mlango nitaukariri, hauendi popote. Wewe ndiye nataka kujua uko wapi."

Nakuaga hapo, Mama. Msalimie afande wako.

Kifungua mimba wako,
Nkoma, Mbale