Filimbi ya Gitaa Iliyolaza Kanisa Chini

Mpendwa Mama Victorine, mshauri wetu wa redioni, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kunigombeza, mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Kashuga, tunaishi kambini tangu vita vitufukuze kwetu, na mwalimu wetu wa fizikia, Papa Athanase, alitufundisha mzunguko wa umeme unaopima mitetemo ya waya wa gitaa na kuigeuza kuwa volti, noti ikipanda volti inapanda, noti ikishuka nayo inashuka, basi nikakusanya vipande vya redio zilizokufa nikatengeneza wangu, nikafanya volti ile iongoze filimbi ndogo ya umeme, ili gitaa la kwaya lifuatwe na sauti ya pili kama ndege anayemfuata mwenzake. Niliujaribu kwa ekuteri za simu, masikioni mwangu tu, maana kambini hakuna anayepiga kelele bila sababu. Sauti ilikuwa tamu.

Jumapili tukauunganisha na bafle, ile spika kubwa ya kanisa. Kaka Guylain, mpiga gitaa wetu, akateremsha kidole kwenye waya, na filimbi ikashuka nacho, fiiiuuuu. Mama, kanisa zima lilianguka! Wamama walilalia watoto wao, mtu akapiga kelele, "Bombe! Mulale chini!", mchungaji akajikunja nyuma ya mimbari. Na mimi nililala, mimi niliyeitengeneza.

Bibi Nyiramana alivunjika mkono. Sasa nikipita watu wanasema, "Mutoroke, fundi wa bombe njo huyu!" Guylain anacheka: "Dada, umemushinda mchungaji, yeye hajatupigisha magoti sisi wote mara moja." Mimi siwezi kucheka. Mchungaji anasema ni uchawi, ameamuru kitu hicho kichomwe mbele ya waumini. Ni kitu cha kwanza nilichotengeneza kikafanya kazi, na ninatamani kuwa injenia. Je, nikitoe kichomwe?

Kétsia, Kashuga

Kétsia mwanangu,

Nilisoma barua yako nikashika kichwa. Mimi pia ningelala. Masikio yetu yamefundishwa na vita, hayangoji maelezo. Lakini wewe unayepima mitetemo ya waya, mbona hukupima watu? Kitu cha kusikiwa na kanisa zima ulikijaribu kwa masikio yako peke yako! Kosa ni hilo. Uchawi haumo.

Sasa futa machozi. Kabla ya kugusa waya wowote, nenda kwa Bibi Nyiramana. Omba msamaha bila kujieleza, mtekee maji, mpikie mpaka mkono upone. Kisha ng'oa filimbi mbele ya mchungaji. Akitaka kuchoma, achome hiyo. Mzunguko wenyewe haujui kupiga mluzi, unatoa volti tu, na fundi wa redio yetu, Papa Isidore, anasema volti hiyo hiyo inaweza kuongoza taa: noti ikipanda, ing'ae, ikishuka, ififie.

Funga taa mahali pa filimbi. Mwite Bibi Nyiramana awe wa kwanza kuiona, mchana, nje, na umweleze kila kitakachotokea kabla hakijatokea. Guylain apige wimbo anaoutaka bibi, ateremshe kidole polepole. Wakati huo usiangalie taa, mwangalie bibi.

Akibaki ameketi, ipeleke kanisani.