Mkeka Uliotiwa Rangi Mwisho

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Hapa Msambweni sote tu wazima, na shangazi yako wa Jego amejifungua binti.

Wauliza kama naamini somo lenu la fizikia, kwamba kupima chembe ndogo kabisa mahali ilipo, kisha kasi yake, hakuleti jibu sawa na kuanza na kasi. Nimecheka kwa furaha, maana hayo nayajua. Nilipousuka mkeka wa harusi yangu, kwa haraka niliutia rangi baada ya kusuka, badala ya kuanza na rangi. Ukindu ule ule, rangi ile ile, mkeka mwingine kabisa. Kila ulipolegea, doa jeupe lilichomoza pale rangi ilipokosa kupenya, na wapi litatokea tulibahatisha tu.

Mama alitaka niufumue. Nilikataa, na mkeka ninao hadi leo. Hesabu yako hiyo, Mwanasha, ndiyo niliyoikalia ninapokuandikia.

Bibi yako